Hesabu Ndiyo Mlango: Habari za Mbung'o, Almasi na Dhahabu katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Kila mwaka, matokeo ya mitihani yatangazwapo, wazazi huja kwa walimu na kuuliza neno moja: "Mtoto wetu ataka kuwa daktari, au mpima madini, au bwana shamba. Je, asome hesabu zipi? Na ikiwa hazipendi, hawezi kuziacha?" Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu lenye msingi. Haitoshi kusema tu kwamba hesabu ni nzuri, maana kila mwalimu husema hivyo juu ya somo lake mwenyewe. Twaona ni afadhali kutazama habari za nchi yetu, tuone watu waliofanya kazi za sayansi katika ardhi hii walihitaji hesabu za namna gani, na kwa sababu gani. Nchi ya Shinyanga na Geita ina habari tatu zifaazo kwa jambo hili: habari ya mbung'o, habari ya almasi, na habari ya dhahabu.

Kwanza tuondoe wazo kwamba hesabu ni kitu kigeni kwetu. Mzee wa Kisukuma aliyejua ng'ombe wake mmoja mmoja, akakumbuka ni wangapi walitoka kwa mahari na wangapi wamewekwa kwa jamaa, alikuwa mtu wa hesabu. Na wachezao isolo, yaani bao, hawahesabu kete zilizo mkononi tu, bali hupima pia zitakapofikia baada ya mizunguko miwili au mitatu. Kilichokuwa kigeni ni hesabu za kuandikwa. Hizo zilikuja pamoja na shule za misioni: Mapadri Weupe walifika Bukumbi mwaka 1883, na wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walianza kazi Nassa mwaka 1888. Katika shule hizo za kwanza watoto walifundishwa dini, kusoma, kuandika, na hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hizo zilimtosha karani na mwenye duka. Lakini mtu atakaye kuuchunguza mwitu, au kujua yaliyomo chini ya mwamba, huhitaji zaidi, kama tutakavyoona.

Habari ya mbung'o

Baada ya Vita Kuu ya kwanza mbung'o walikuwa wakizidi kuenea katika Usukuma. Mahali walipoingia, ng'ombe walikufa, watu wakahama, na mwitu ukameza mashamba. Bwana mmoja Mwingereza, jina lake Charles Swynnerton, alishirikiana na watemi wa Shinyanga, na maelfu ya watu wakatoka kwa mashoka kukata mwitu ili mbung'o wakose kivuli cha kukaa. Mwaka 1929 Serikali ya wakati ule ilianzisha idara ya kuchunguza mbung'o, akawa mkuu wake, na makao yake makuu yakawa Old Shinyanga. Mwaka 1938 alikufa katika ajali ya ndege, lakini kazi iliendelea.

Sasa, msomaji, fikiri jambo hili. Watu wamekata mwitu kwa miezi mingi. Je, mbung'o wamepungua au hawakupungua? Ng'ombe aweza kuhesabiwa zizini, bali mbung'o yuko hewani, na anayeonekana leo huenda si yule aliyeonekana jana. Ukiwakamata 50, hujui kama ni 50 katika mia au ni 50 katika elfu kumi. Hapo elimu ya viumbe peke yake ilikwama. Haikuweza kuendelea ila kwa kuombea msaada kwa hesabu.

Mtaalamu mmoja wa idara hiyo, C. H. N. Jackson, aliishughulikia shida hii kwa miaka mingi, na mwaka 1933 alichapisha makala juu ya idadi ya kweli ya mbung'o. Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Hukamatwa mbung'o, hutiwa alama ndogo ya rangi, kisha huachiwa. Baadaye hukamatwa wengine, na kuhesabiwa wangapi kati yao wana alama. Tuseme kwa mfano kwamba walitiwa alama 100. Mara ya pili wakakamatwa 50, na katika hao 5 walikuwa na alama. Basi wenye alama ni mmoja katika kila 10. Ikiwa hao 100 walioachiwa ni sehemu ya kumi ya wote, mbung'o wote wa mahali pale ni kama 1,000.

Mpaka hapo ni uwiano, ambao mtoto wa shule ya msingi aweza kuufahamu. Lakini mbung'o hawakai wakingoja kuhesabiwa. Kila siku wengine hufa, wengine huzaliwa, wengine huruka kwenda pori jingine. Kwa hiyo Jackson alihitaji kujua ni sehemu gani ya wenye alama hupotea kila siku, na jibu lake lipo katika takwimu na katika hesabu za vitu vipunguavyo kwa kiasi kile kile kila siku. Njia ya namna hii hutumika leo kukadiria samaki wa maziwa na wanyama wa mbugani.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu moja. Wapo vijana wengi wasemao, "Mimi nitachukua biolojia, maana nakimbia hesabu." Habari ya Old Shinyanga yatuonyesha ya kuwa anayezikimbia hesabu kwa njia ya biolojia atazikuta zimekaa mbele yake zikimngoja. Na si porini tu. Mwuguzi katika hospitali, apimaye dawa ya mtoto mchanga kwa kadiri ya uzito wake, akikosea mahali pa nukta humpa mtoto mara kumi ya kipimo kimfaacho.

Habari ya almasi

Katika miaka ya 1930 alifika Tanganyika Mkanada mmoja, John Williamson, mtaalamu wa miamba. Alizaliwa mwaka 1907, akasoma katika Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada. Alipoingia chuoni nia yake ilikuwa kusoma sheria. Lakini wakati wa likizo alifuatana na msafara wa wachunguzi wa miamba mpaka Labrador, akaipenda kazi ile, akaiacha sheria, akasoma jiolojia mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Alipokuja huku alifanya kazi katika mgodi mdogo wa Mabuki, kisha akaendelea kutafuta kwa fedha zake mwenyewe na kwa shida nyingi. Mwaka 1940 aliipata almasi ya Mwadui.

Wengi husimulia habari hii kama bahati tu. Lakini bahati haiwezi kuutumikia mgodi kwa miaka zaidi ya themanini. Mwamba wa Mwadui, ambao umbo lake ni kama faneli iliyozama ardhini, una eneo la hekta 146 hivi juu ya uso wa nchi, nao ni mmoja wa mikubwa sana katika dunia iliyopata kuchimbwa. Katika miaka ya karibuni almasi zipatikanazo ni karati chache tu katika kila tani 100 za mawe. Tuchukue karati 5 tupige hesabu. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Basi karati 5 ni gramu 1. Tani 100 ni gramu milioni 100. Kwa hiyo mchimbaji atafuta gramu moja katika gramu milioni mia! Mgodi wa namna hii hauwezi kuendeshwa kwa macho. Sharti ijulikane ni tani ngapi zisagwe kwa saa, ni maji kiasi gani, ni gharama gani kwa kila tani, na ni almasi ngapi zimepotea katika mchanga uliotupwa. Kosa dogo la asilimia laweza kugeuza faida kuwa hasara.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya ndoa yake. Ilipokwisha kukatwa na kusuguliwa ilibaki karati 23.6, yaani zaidi ya nusu iliondoka. Kwa nini mtu akubali hasara hiyo? Kwa sababu uzuri wa almasi ni mwanga, na mwanga hurudi kwenye jicho ikiwa tu nyuso za jiwe zimekatwa kwa pembe zifaazo. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika jamaa ya wakata almasi wa Ubelgiji, alichapisha kitabu kilichoonyesha pembe hizo kwa njia ya fizikia na jiometri. Kumbe hata pete ya kidoleni ina hesabu ndani yake.

Jambo jingine la kuangalia ni hili. Williamson aliweza kugeuka kutoka sheria kwenda sayansi hali yumo chuoni tayari. Kwa mtoto wetu kugeuka namna ile ni vigumu mno, maana kwetu njia hutengana mapema zaidi, kama tutakavyoeleza.

Habari ya dhahabu

Wakati wa Wajerumani ilikwisha kujulikana kwamba nchi ya kusini ya Ziwa la Viktoria ina dhahabu. Katika miaka ya 1930 ulianza mgodi mkubwa Geita, ukafanya kazi mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mwingine mkubwa pale pale Geita, na mwaka 2001 ukafunguliwa ule wa Bulyanhulu, ambao huchimbwa chini kwa chini. Pembeni mwa migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye maduara yao.

Kazi ya dhahabu yahitaji hesabu za namna tatu. Ya kwanza ni ya pembe. Mkanda wa dhahabu mara nyingi hushuka ardhini kwa mshazari, wala hauendi wima. Mtafiti akichoronga tundu la mita 200 kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, mwisho wa tundu hauko mita 200 chini. Uko mita 173 chini, na mita 100 mbele ya pale aliposimama. Asiyejua trigonometria atachimba mahali pasipo na kitu.

Ya pili ni takwimu. Tundu moja huonyesha gramu 20 kwa tani, na la jirani nusu gramu. Je, katikati yake pana nini? Huko Afrika Kusini mhandisi kijana, Danie Krige, aliona kwamba migodi ya dhahabu hukosea kwa njia ile ile kila mara: mahali palipokadiriwa kuwa na utajiri mwingi palitoa pungufu, na palipodhaniwa maskini palitoa zaidi. Mwaka 1951 alieleza sababu yake kwa hesabu, akaonyesha namna ya kurekebisha. Baadaye Mfaransa Georges Matheron aliipanua kazi yake, akaiita njia hiyo kwa jina la Krige. Hata leo wakadiriaji wa migodi mikubwa duniani huitumia.

Ya tatu ni ya kemia, na hii yawagusa jirani zetu kila siku. Mchimbaji mdogo husaga mbale, huosha, kisha hukamata dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu kwake na kwa watoto wake. Lakini zebaki haikamati dhahabu yote. Tuseme mbale ya tani moja ina gramu 10, na zebaki ikashika 4. Gramu 6 zimebaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa. Mwenye mbale huuza marudio kwa bei ndogo, maana machoni pake ni uchafu. Mwenye elimu ya kuchenjua huyanunua, huyapima, hujua asilimia iliyomo, na kwa dawa ya sayanaidi hutoa dhahabu nyingi kuliko aliyoipata yule aliyeshuka duarani. Mmoja alihatarisha maisha, mwingine alipiga hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa mali hupotea mbele ya macho ya mwenyewe.

Tukizitazama habari hizi tatu pamoja twaona jambo la kuhuzunisha. Katika siku za ukoloni watu wetu walikata mwitu, walichimba mashimo, walibeba mawe. Bali vipimo na madaftari vilikuwa mikononi mwa wengine. Haikuwa kwa sababu akili ilikosekana. Shule zilikuwa chache. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilichukua wanafunzi wachache tu kutoka nchi nzima. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wahandisi Waafrika wa Tanganyika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Leo shule za sekondari zimefika katika kata, na mtoto wa Msalala au wa Kishapu aweza kuwa mhandisi wa mgodi ulio karibu na kwao. Lakini mlango uliofunguka haufai kitu kwa asiyeupitia.

Mlango wa shule

Basi tuje kwenye swali la wazazi. Kwa miaka mingi desturi ya shule zetu imekuwa hivi: hesabu husomwa na wote mpaka kidato cha nne. Katika kidato cha tatu mwanafunzi huweza kuendelea na fizikia na kemia, au kuziacha. Aingiapo kidato cha tano huchukua tahasusi ya masomo matatu. PCM ni fizikia, kemia na hesabu za juu. PGM ni fizikia, jiografia na hesabu za juu. PCB ni fizikia, kemia na biolojia, na wenye PCB husoma pia hesabu za matumizi, ambazo ni fupi kuliko hesabu za juu. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi mpaka zikawa 65. Kadiri njia zinavyozidi, ndivyo shauri jema linavyozidi kuhitajiwa.

Kwa hiyo, mtoto atakaye uhandisi, fizikia, upimaji wa ardhi au kazi za mgodi, na achague hesabu za juu bila kusita. Habari ya Geita imetuonyesha sababu. Atakaye jiolojia afanye vivyo hivyo kama aweza. Atakaye udaktari, uuguzi, kilimo au mifugo, njia yake ni biolojia na kemia. Lakini asizidharau zile hesabu za matumizi, hasa takwimu, maana habari ya mbung'o ni yake. Na asiyejua bado atakalo, na akumbuke kanuni hii: aliyesoma hesabu nyingi aweza kuzipunguza baadaye, bali aliyesoma chache ataona taabu kuziongeza. Hata hivyo hakuna tahasusi ifunguayo milango yote. Mwenye PCM hawi daktari, maana hakusoma biolojia. Yafaa mtoto na wazazi wake wakae na mwalimu mapema, kabla ya kidato cha tatu, wala wasingoje fomu ya kuchagua ije.

Wengine watasema, "Hesabu ni ngumu, wengi hushindwa." Ni kweli. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, katika kila watahiniwa watano aliyefaulu hesabu ni mmoja hivi tu. Lakini mara nyingi anayeanguka kidato cha nne alikwisha kujikwaa darasa la tano. Hesabu ni kama ngazi: asiyefahamu sehemu hawezi kufahamu uwiano, asiyefahamu uwiano hawezi aljebra, asiye na aljebra atazionaje hesabu za juu? Tusimlaumu mtoto kwa kipawa, bali tutafute kidato cha ngazi kilichovunjika, tukitengeneze. Na kama baada ya kusaidiwa kwa uaminifu moyo wake wavutwa na lugha au historia, tusimlazimishe. Mungu hakuwapa wote kipawa kimoja.

Mambo mengine yamo mikononi mwa wazazi. Mtoto apewe saa moja ya jioni na taa. Binti asitumwe maji wakati kaka yake anasoma, kwa maana akili ya hesabu haikugawiwa kwa wanaume peke yao. Na kijana asiachwe kuacha shule akimbilie maduarani kwa ajili ya fedha za leo. Fedha ya duara huja siku moja ikapotea siku ya pili. Elimu ya kulijua duara hubaki naye.

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye sharti akae kwanza ahesabu gharama, asije akacheka­wa kwa kuweka msingi na kushindwa kumaliza. Mtoto wa sayansi ni mnara, na msingi wake ni hesabu. Wazazi wenye mtoto wa kidato cha pili mwaka huu, mwendeeni mwalimu wake wa hesabu kabla muhula haujaisha, mkamwulize ni ngazi ipi ametia mguu na ni ipi bado.